Nyumba imefungwa, deni la LUKU linatoka wapi?



Somo letu la leo linahusu umeme na hesabu. Tutajifunza kwa nini nyumba iliyofungwa, isiyo na mtu wala taa inayowaka, inaweza kuwa na deni kwenye mita ya LUKU. Tutajifunza pia kusoma risiti ya umeme na kupiga hesabu ya deni hilo kwa mkono wetu wenyewe.

Huenda mwenzetu mmoja atauliza, "Hilo linanihusu nini mimi wa kijijini?" Linatuhusu sana. Wengi wetu tuna nyumba mahali pengine. Mmoja alijenga vyumba vitatu pale mjini zamani alipokuwa na kazi. Mwingine ameachiwa nyumba na marehemu kaka yake. Mwingine anatunza funguo za nyumba ya mtoto wake aliyehamishwa kikazi. Nyumba hizo hukaa zimefungwa miezi mingi. Siku ya kufunguliwa, labda kuna msiba au mgeni anakuja, ndipo tunapokwenda kununua umeme. Tunatoa pesa nyingi, tunapata umeme kidogo. Hapo maneno yanaanza.

LUKU NI NINI?

LUKU ni kifupi cha maneno haya: Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Mita hizi zilianza kutumika katika nchi yetu miaka ya 1990. Kabla ya hapo mteja alitumia umeme kwanza, kisha akaletewa ankara alipe. Kwa mita ya LUKU mambo yamegeuzwa. Mteja analipa kwanza, halafu anatumia.

Ukinunua umeme unapewa namba ndefu yenye tarakimu 20. Unaibonyeza namba hiyo kwenye mita yako, na mita inaongeza uniti. Uniti zikiisha, umeme unakatika.

Kwa sababu hiyo watu wengi husema, "LUKU haina deni. Hujanunua, hujatumia." Maneno hayo ni kweli kwa upande wa umeme wenyewe. Nyumba ikifungwa na swichi kuu ikazimwa, uniti zilizomo ndani ya mita zinabaki pale pale. Lakini siku hizi mita ya LUKU imebebeshwa mzigo wa pili, nao ni kodi ya jengo.

KODI YA JENGO NDANI YA LUKU

Kwanza tulitazame neno "kodi". Katika maongezi yetu neno hili lina maana mbili. Mpangaji anaposema, "Nimelipa kodi," ana maana ya pesa anayompa mwenye nyumba ili akae ndani. Hiyo ni kodi ya pango. Kodi ya jengo ni kitu kingine. Hiyo ni pesa inayolipwa serikalini na mwenye jengo kwa sababu ana jengo. Tusizichanganye kodi hizi mbili.

Zamani kodi ya jengo ililipwa mara moja kwa mwaka, na mtu alipaswa kuifuata mwenyewe.  Lakini tarehe 20 Agosti 2021 serikali ilianza kuikusanya kodi hiyo kupitia ununuzi wa umeme. Kiwango cha nyumba ya kawaida kilikuwa shilingi 12,000 kwa mwaka, yaani shilingi 1,000 kila mwezi. Kuanzia Julai 2023 kiwango hicho kilipandishwa kikawa shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani shilingi 1,500 kila mwezi. Nyumba za ghorofa hulipa zaidi ya hapo.

Sasa tufikiri pamoja. Umeme huhesabiwa kwa uniti. Ukiwasha taa, uniti zinapungua. Ukizima, zinabaki. Lakini kodi ya jengo haijali taa. Inahesabiwa kwa miezi. Mwezi ukipita, inaongezeka, hata kama mlangoni pameota majani. Nyumba tupu haili umeme, ila kodi yake inaendelea kama kawaida.

Hiyo ndiyo siri ya deni la nyumba iliyofungwa. Anayenunua umeme kila mwezi hulipa kodi yake kidogo kidogo, pengine bila hata kujua. Asiyenunua kwa miezi mingi hulimbikiza. Siku atakaponunua, malimbikizo yote yanamsubiri.

KWA NINI LINATUSHTUA?

Kuna sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba deni halionekani kwenye mita. Unaweza kufungua nyumba, ukatazama mita, ukaona imeandika uniti 12. Ukafurahi na kusema, "Mita yangu iko salama." Lakini mita inajua uniti tu. Deni limeandikwa mahali pengine, katika mitambo ya kuuzia umeme. Ni sawa na daftari la dukani. Ukitazama mfuko wako wa sukari nyumbani hutaliona deni lako. Deni limo katika daftari la mwenye duka, na utaliona siku utakaporudi kununua tena.

Sababu ya pili ni mazoea. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2016, wateja wa kundi linaloitwa T1 walikuwa wakilipa gharama ya huduma ya shilingi 5,520 kila mwezi, watumie wasitumie. Wakati ule nyumba iliyofungwa ililimbikiza deni hilo. Gharama ile ilifutwa kuanzia Aprili 2016. Basi watu wakazoea kwamba ukifunga nyumba huna la kudaiwa. Mwaka 2021 ilipokuja kodi ya jengo, mwendo ukabadilika tena, lakini mazoea yakabaki yale yale.

TUJIFUNZE KUSOMA RISITI

Ukinunua umeme kwa simu unaletewa meseji. Ukinunua kwa wakala unapewa karatasi. Usitazame namba ya tarakimu 20 peke yake. Soma mstari kwa mstari. Baadhi ya maneno yake ni ya Kiingereza, lakini ni machache na tunaweza kuyazoea:

KWH ni uniti ulizopata.
COST ni bei ya umeme wenyewe.
VAT ni kodi ya ongezeko la thamani.
EWURA ni tozo ya mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji.
REA ni tozo ya kupeleka umeme vijijini.
DEBT ni deni. Kodi ya jengo nayo huweza kuonekana hapa.
TOTAL ni jumla ya pesa uliyotoa.

Tuchukue mfano wa mteja wa kundi la T1 kwa viwango vya mwaka 2024. Uniti moja ilikuwa shilingi 292. Juu yake kulikuwa na VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Jumla ni asilimia 22. Kwa hiyo uniti moja, pamoja na tozo zake, ilimfikia mnunuzi kwa shilingi 356 na senti kidogo.

Mteja huyu akinunua umeme wa shilingi 10,000 bila kukatwa deni, alipata uniti 28 hivi. Sasa akikatwa kwanza kodi ya mwezi mmoja:

Pesa aliyotoa: 10,000
Toa kodi ya jengo: 1,500
Inabaki ya umeme: 8,500

Shilingi 8,500 zilimpa uniti 23 na nusu na kidogo zaidi. Kumbe zile uniti nne zilizopungua hazikuibwa na mtu. Zimekwenda kulipa kodi.

Angalia utaratibu huo. Deni linatolewa kwanza. Kinachobaki ndicho kinachonunua umeme. Ikiwa deni ni kubwa na pesa yako ni ndogo, pesa yote inaweza kuishia kwenye deni.

TUFANYE HESABU YA NYUMBA ILIYOFUNGWA

Tuseme nyumba moja ya kawaida ilifungwa mwanzoni mwa Januari 2023. Haikununuliwa umeme hata mara moja hadi mwisho wa Juni 2024. Hiyo ni miezi 18. Tukumbuke kwamba kiwango kilibadilika katikati, kwa hiyo tunahesabu kwa mafungu mawili.

Fungu la kwanza, Januari hadi Juni 2023:
miezi 6 mara shilingi 1,000 = shilingi 6,000

Fungu la pili, Julai 2023 hadi Juni 2024:
miezi 12 mara shilingi 1,500 = shilingi 18,000

Jumla ya deni: 6,000 na 18,000 = shilingi 24,000

Mwenye nyumba akija mwisho wa Juni 2024 na shilingi 30,000 mkononi, shilingi 24,000 zinakwenda kwenye deni. Zinabaki shilingi 6,000 tu. Kwa mteja wa T1 hizo ni uniti karibu 17. Akija na shilingi 20,000, hazitoshi hata deni lenyewe.

Mtu anayejua hesabu hii hatashtuka. Atajua kabla ya kutoka nyumbani ni kiasi gani cha pesa abebe.

MAZUNGUMZO: BABU, MJUKUU NA WAKALA

Soma mazungumzo haya kwa sauti. Watu watatu wanaweza kugawana sehemu. Ni mfano wa mwezi wa Juni 2024. Babu anaishi kijijini, na ana nyumba mjini iliyofungwa tangu mwanzoni mwa Septemba 2023. Mita yake ni ya kundi la T1. Amemtuma mjukuu wake akanunue umeme wa shilingi 20,000, kwa kuwa nyumba inatarajia wageni.

MJUKUU: Shikamoo babu.

BABU: Marahaba. Umeleta umeme?

MJUKUU: Nimeleta, babu. Uniti kumi na nne.

BABU: Ngapi? Elfu ishirini nzima, uniti kumi na nne? Kabla sijaifunga nyumba ile, elfu ishirini ilikuwa inanipa uniti hamsini na sita!

MJUKUU: Haki ya Mungu babu, nilitoa pesa yote kama ulivyonipa.

BABU: Mimi si mtoto. Pesa nyingine umeila. Au umegawana na huyo wakala. Twende kwake sasa hivi.

(Wanafika kwa wakala.)

WAKALA: Shikamoo mzee. Karibu ukae.

BABU: Marahaba, lakini sikuja kukaa. Kijana huyu alikupa shilingi ngapi?

WAKALA: Elfu ishirini, mzee. Risiti si anayo? Hebu itoe, kijana. Mzee, unasoma mwenyewe au nikusomee?

BABU: Nina cheti cha kisomo. Lete miwani yangu.

(Anasoma polepole.)

BABU: Hapa chini pameandikwa jumla, elfu ishirini. Sawa. Hapa pana D, E, B, T. Halafu elfu kumi na tano. Ni nini hii?

WAKALA: Hilo ni deni, mzee. Ni kodi ya jengo. Nyumba ile ilifungwa lini?

BABU: Tangu mwezi wa tisa mwaka jana.

WAKALA: Basi tuhesabu. Septemba mpaka Juni ni miezi kumi. Kila mwezi elfu moja na mia tano.

BABU: Kumi mara elfu moja na mia tano... elfu kumi na tano. Kumbe! Zinabaki elfu tano.

WAKALA: Na hizo elfu tano ndizo zimetoa uniti kumi na nne.

BABU: Lakini mimi sikuwasha hata taa moja!

WAKALA: Hiyo si ya taa, mzee. Ni ya jengo.

BABU: (Kimya kidogo.) Mjukuu wangu, nimekusema vibaya mbele za watu. Risiti ilikuwa mfukoni mwako, nami sikuiuliza.

MJUKUU: Yamekwisha, babu.

Wasomaji, yanayomkuta mjukuu huyu yanaweza kumkuta kijana yeyote anayetumwa. Kijana mwaminifu anaitwa mwizi. Wakala anatukanwa. Ndugu wanaacha kusalimiana. Na ushahidi wote ulikuwa kwenye karatasi, mistari michache tu ya kusoma. Ndiyo maana tunasema: risiti isomwe kwanza, maneno yafuate baadaye.

NANI ALIPE, MPANGAJI AU MWENYE NYUMBA?

Kodi ya jengo ni wajibu wa mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Kwa hiyo mpangaji hujikuta ameilipa kwa niaba ya mwenye nyumba. Inapasa wawili hao wapatane. Ama mwenye nyumba amrudishie, ama ipunguzwe katika kodi ya pango.

Hatari kubwa ni kwa mpangaji mpya. Nyumba imekaa tupu miezi minane. Anaingia, ananunua umeme wa kwanza, na malimbikizo ya miezi minane yanakatwa katika pesa yake. Kabla ya kuhamia muulize mwenye nyumba: "Mita hii ilinunuliwa umeme lini mara ya mwisho?" Afadhali umeme wa kwanza anunue yeye mwenyewe, ili deni liishie kwake. Kisha andikeni kwenye mkataba nani atabeba kodi ya jengo. Neno la mdomo husahaulika.

Na wewe mwenye nyumba usimfiche mpangaji. Mkianza kwa kufichana, hamtakaa kwa amani.

WANAOSAMEHEWA, NA MITA ZAIDI YA MOJA

Sheria imetoa msamaha kwa baadhi ya watu. Mzee mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na mtu mwenye ulemavu, wanaweza kusamehewa kodi ya nyumba yao moja wanayoishi. Yaangalie vizuri maneno hayo: "moja" na "wanayoishi". Babu wa mazungumzo yetu ni mzee, lakini nyumba ile ya mjini haishi ndani yake. Kwa hiyo umri wake hausaidii kwa nyumba hiyo.

Msamaha hauji wenyewe. Mita haijui kama mwenye nyumba ana mvi. Mtu mwenye haki hiyo hana budi kwenda ofisini akajieleze, akiwa na kitambulisho chake na namba ya mita.

Jambo jingine ni nyumba yenye mita mbili au tatu. Wengine huweka mita kwa kila mpangaji ili kuepuka ugomvi. Lakini jengo ni moja, na kodi yake ni moja. Ukiona kila mita inakatwa, nenda ukatoe taarifa ili ibaki mita moja ya kulipia kodi. Usingoje. Hasa mita za vyumba vilivyo vitupu zinaweza kulimbikiza kimya kimya.

Je, nyumba yako iko kijijini, nawe unaona inakatwa? Usilalamike barazani tu. Chukua risiti, uende ukaulize kama eneo lako na aina ya nyumba yako vimo katika kodi hii.

MADENI MENGINE KWENYE MITA

Si kila deni ni kodi ya jengo. Yako madeni ya umeme wenyewe. Pengine nyumba ilikuwa na mita ya zamani ya ankara, na deni la ankara halikumalizwa. Pengine aliyekaa kabla alichezea mita, akatozwa faini. Pengine kuna gharama ya kuunganishwa ambayo haijalipwa yote.

Utatambuaje? Piga hesabu ya miezi kama tulivyofanya. Kama kiasi kilichokatwa kinalingana na miezi ambayo hukununua umeme, basi yaelekea ni kodi ya jengo. Kama kimezidi sana, kuna jambo jingine. Maswali ya deni la umeme peleka TANESCO. Maswali ya kodi ya jengo uliza ofisi ya Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, au halmashauri yako. Kama hujui uanze wapi, anza TANESCO na risiti yako, nao watakuonyesha ni deni la aina gani.

Tena liko jambo linalofanana na deni lakini si deni. Mwaka 2024 mita za LUKU zilifanyiwa marekebisho. Mteja aliyenunua umeme alipewa namba tatu badala ya moja, kila moja ya tarakimu 20, azibonyeze kwa kufuatana. Mwisho wa kazi hiyo ulikuwa tarehe 24 Novemba 2024. Nyumba iliyokuwa imefungwa wakati ule huenda mita yake haikurekebishwa. Mita hiyo itakataa namba mpya hata kama umelipa kila senti. Ikikutokea hivyo usiibonyeze kwa hasira. Toa taarifa TANESCO.

LA KUFANYA

Sasa tufupishe. Ukiwa na nyumba iliyofungwa, fanya mambo haya:

1. Andika namba ya mita katika daftari lako la nyumbani. Namba ya mita ina tarakimu 11. Usitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja.

2. Kabla ya kufunga nyumba, zima swichi kuu, na uandike tarehe na uniti zilizobaki.

3. Kama unaweza, nunua umeme kidogo kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu. Kodi haitapungua kwa kufanya hivyo. Kodi ni ile ile. Lakini kulipa shilingi 1,500 mara kumi na mbili ni kwepesi kuliko kutoa shilingi 18,000 siku ya msiba.

4. Kama huwezi kununua kila mwezi, tenga pesa hiyo pembeni. Mwenye kudunduliza hashtuki.

5. Tunza kila risiti. Kama ni meseji, nakili kwenye daftari tarehe, jumla, deni na uniti.

6. Ukimtuma mtu kununua, mwambie alete risiti. Risiti inakulinda wewe, nayo inamlinda yeye.

7. Uliza kiwango kinachotumika wakati huo. Viwango hubadilika. Mwaka 2021 kilikuwa kimoja, na mwaka 2023 kikawa kingine.

8. Ukiona kosa, nenda ofisini mapema. Deni la miezi miwili ni rahisi kulieleza kuliko deni la miaka miwili.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ankara: hati inayoonyesha pesa unayodaiwa.
Malimbikizo: deni lililokusanyika kwa muda.
Msamaha: ruhusa ya kutolipa kwa mujibu wa sheria.
Tozo: malipo madogo yanayoongezwa juu ya bei.
Uniti: kipimo cha umeme.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini deni la kodi ya jengo halionekani kwenye mita?

2. Umeme huhesabiwa kwa uniti. Je, kodi ya jengo huhesabiwa kwa nini?

3. Nyumba ya kawaida ilifungwa mwanzoni mwa Aprili 2023 hadi mwisho wa Oktoba 2023. Haikununuliwa umeme. Deni lake ni shilingi ngapi?

4. Nyumba nyingine ilifungwa mwanzoni mwa Septemba 2023 hadi mwisho wa Aprili 2024. Mwenye nyumba alinunua umeme wa shilingi 20,000 mwisho wa Aprili. Baada ya deni kukatwa, zilibaki shilingi ngapi za umeme?

5. Nyumba moja ina mita tatu, na kila mita inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima mwenye nyumba anakatwa shilingi ngapi zaidi ya zile zinazompasa?

KAZI YA KIKUNDI

Kila mmoja alete risiti moja ya umeme, yake au ya jirani. Someni pamoja. Onyesheni palipo na uniti, bei, tozo, deni na jumla. Jumlisheni tozo zote, bei na deni, mwone kama vinafika kwenye jumla iliyoandikwa. Asiye na umeme nyumbani naye ashiriki. Siku nguzo zitakapofika kwake atakuwa tayari amejua.

Majibu ya hesabu: Swali la 3: shilingi 9,000. Swali la 4: shilingi 8,000. Swali la 5: shilingi 36,000.